Mlango wa mgodi na mlango wa kompyuta: orodha ya waliokatazwa haitoshi



Mara nyingi hapa tunasema juu ya kofia, viatu, vumbi na maji safi. Leo tunasema juu ya mlango. Hatusemi juu ya geti la chuma tu. Tunasema pia juu ya mlango usioonekana kwa macho: mlango wa kompyuta ya buro, mlango wa mashine inayoongozwa na kompyuta, na mlango wa telefone unayotia mfukoni.

Labda utauliza: mlango wa kompyuta unahusu nini na afya yangu? Unahusu sana. Siku hizi feni inayopeleka hewa chini, pampu inayotoa maji, na kitabu cha watu walio ndani ya mgodi, vyote vinaweza kuongozwa au kuandikwa kwa kompyuta. Mtu anayeingia katika kompyuta hiyo bila ruhusa ameshika pumzi yako mkononi mwake. Na mtu anayeingia katika telefone ya bibi yako ameshika posho ya mwezi mzima.

Basi tusome pamoja, polepole, namna ya kulinda mlango.

WALINZI WAWILI

Fikiri juu ya walinzi wawili. Wa kwanza anakaa mbele ya depo ya baruti. Shefu amempa karatasi yenye majina 10, akamwambia: «Hawa 10 ni wezi. Usiwaache waingie.» Kila mtu anayefika, mlinzi anatazama karatasi. Jina lako halimo? Pita, ndugu.

Mlinzi wa pili anakaa mbele ya depo nyingine. Yeye amepewa karatasi yenye majina 4, akaambiwa: «Hawa 4 tu ndio wenye kazi ndani. Mtu mwingine yeyote, hata akivaa suti, hata akisema ni ndugu yangu, asiingie mpaka mimi mwenyewe nimwandike.»

Usiku anakuja mwizi wa 11, ambaye bado hajulikani. Kwa mlinzi wa kwanza anapita, na pengine anasalimiwa. Kwa mlinzi wa pili anarudishwa. Je, mlinzi wa kwanza alilala? Hapana. Alifanya kazi yake vizuri. Karatasi yake ndiyo iliyokuwa mbaya kwa mlango ule.

Karatasi ya kwanza tuiite orodha ya kuzuia. Karatasi ya pili tuiite orodha ya ruhusa. Watu wengi hufikiri kwamba ni kitu kimoja, kwa sababu zote mbili ni majina na zote mbili ziko mlangoni. Tofauti yao ni jibu wanalotoa kwa mtu wasiyemjua. Orodha ya kuzuia inamwambia mgeni: «Ingia.» Orodha ya ruhusa inamwambia: «Ngoja.»

Tazama pia namna kila orodha inavyokosea, kwa maana hakuna orodha isiyokosea. Ukisahau jina katika orodha ya kuzuia, mwizi anaingia kimya. Hakuna mtu atakayekuja kukuambia. Utajua siku mali imekwisha kupotea. Lakini ukisahau jina katika orodha ya ruhusa, mfanyakazi mwema atafungiwa nje saa 12 asubuhi, naye atapiga kelele papo hapo. Kosa lake litasahihishwa kabla ya chai. Kosa linalopiga kelele ni afadhali kuliko kosa linalonyamaza.

JINA NI NGUO, MTU HUIBADILISHA

Sisi wa Goma tuna mfano wetu wenyewe. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018. Barabarani watu wa afya waliweka vituo: kunawa mikono, kupimwa joto, na kuandikisha majina ya wasafiri.

Tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2019, mgonjwa wa kwanza alithibitishwa katika mji wa Goma. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Butembo. Wizara ya Afya ilieleza kwamba alipita vituo 3 njiani, na kwamba katika orodha za wasafiri alionekana kuandikisha majina tofauti. Hatusemi hivi ili kumlaumu marehemu. Mtu mwenye hofu huficha jina lake. Tungeweza kufanya vile vile. Tunasema hivi kwa sababu ya somo: orodha inayotegemea jina ambalo mtu anajitajia mwenyewe, haimshiki mtu asiyetaka kushikwa.

Mwisho wa mwezi ule ule mgonjwa wa pili alipatikana Goma. Huyu alikuwa mwenzetu wa kazi, mchimbaji wa dhahabu aliyetoka Mongbwalu katika Ituri. Alikufa, na mke wake na mtoto wake mdogo wakaambukizwa, wakatibiwa hapa Goma.

Ni nini kilichosaidia? Ni orodha ya namna nyingine. Watu wa afya waliandika waliokaa karibu na mgonjwa, wakaenda nyumbani kwao, wakawatazama kwa macho siku kwa siku, muda wa siku 21, na kuwachanja. Orodha ile ilikuwa na nguvu kwa sababu nyuma ya kila jina kulikuwa na nyumba, uso na mtu aliyerudi kesho yake kutazama tena. Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, baada ya kuwapata watu 3,470 na kuua 2,287.

Kwetu majina yana shida nyingine pia. Mwaka 1972, nchi ikiitwa Zaire, serikali iliagiza watu waache majina ya Kikristo. Wazee wengi wana majina mawili au matatu katika karatasi zao: la ubatizo, la kitambulisho, na la nyumbani. Kwa upande mwingine, watu wengi wana jina moja. Kwa Wanande, Kambale ni jina la mtoto wa kiume wa pili, na Kasereka ni la wa tatu. Ukiandika mlangoni «Kambale amekatazwa», unafikiri umemzuia mwizi mmoja. Kumbe umewazuia wana wa pili wa nyumba nyingi sana, na mwizi mwenyewe amekwisha kuingia kwa jina la Bahati.

Kwa hiyo orodha ya majina ina makosa mawili kwa pamoja: inamwacha mbaya, inamshika mwema.

KOMPYUTA NAYO INA MLINZI

Kompyuta haina macho. Haioni uso wako. Inaona namba na maneno tu: namba ya mashine, anwani, jina la mtumiaji, neno la siri. Mlinzi wake anauliza maswali mawili. La kwanza: wewe ni nani, na unaonyeshaje? La pili: una ruhusa ya kufanya nini? Ndani ya mgodi ni vivyo hivyo. Kadi yako inasema wewe ni nani. Lakini kadi ya fundi wa umeme haimpi ruhusa ya kuwasha baruti.

Sasa sikia habari iliyotokea kweli, mbali na kwetu, katika Maroochy, jimbo la Queensland, nchi ya Australia. Shirika la mji lilikuwa na vituo 142 vya pampu za maji machafu, vikiongozwa kwa kompyuta na redio. Mwanzoni mwa mwaka 2000 pampu zikaanza kufanya ukaidi. Zilisimama bila sababu, na kengele za hatari hazikulia. Watu wakafikiri ni ubovu wa mashine.

Fundi mmoja akachunguza, akaona amri mbaya zinatoka kwenye mashine inayojiita namba 14. Akaenda mpaka kituo namba 14, akaona ni kizima, hakijaguswa. Basi akajua: kuna mtu nje, mwenye mashine yake, anayejiita 14. Fundi akakipa kituo cha kweli namba nyingine, kisha mwezi wa 3 akaiambia kompyuta yake: amri yoyote inayotoka kwa namba 14, ikatae. Hiyo ndiyo orodha ya kuzuia. Ilisaidia kwa muda mfupi tu. Yule mtu akaanza kujiita namba 1, akaendelea na kazi yake.

Mwezi wa 4 mwaka 2000 alikamatwa. Alikuwa amefanya kazi katika kampuni iliyoweka mitambo ile, akaacha kazi, kisha akaomba kazi kwa shirika la mji akakataliwa. Lita zipatazo 800,000 za maji machafu zilikuwa zimemwagika katika mito na katika bustani za watu. Mwaka 2001 alihukumiwa miaka 2 gerezani.

Ndugu, weka badala ya pampu zile pampu ya mgodi. Weka feni ya hewa. Sasa umeelewa kwa nini somo hili liko katika ukurasa wa usalama.

Kosa lilikuwa nini? Mitambo iliamini namba tu, bila kudai alama ya siri. Kubadilisha namba ni kazi ya dakika moja. Kumzuia mtu kwa namba anayoweza kuibadilisha ni sawa na kumkataza mwizi kwa rangi ya shati lake.

SHERIA YA MWAKA 1975

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika sheria za kulinda habari ndani ya kompyuta. Zinasomwa mpaka leo katika vyuo. Mojawapo inasema hivi kwa maneno yetu: jibu la kwanza la mlango liwe «hapana», na ruhusa itolewe kwa yule anayeonyesha sababu. Walieleza kwamba ni heri kutafuta nani ana haki ya kuingia, kuliko kutafuta nani hana. Sheria nyingine inasema: uliza kila mara. Mtu aliyeruhusiwa jana aulizwe na leo, kwa maana huenda ameachishwa kazi jana jioni.

Kapita mzuri anazijua sheria hizi bila kusoma kitabu. Kila asubuhi anahesabu watu wake. Hasemi: «Nyote mnajulikana, shukeni.»

JE, ORODHA YA KUZUIA NI MBAYA? HAPANA

Usifunge gazeti ukasema orodha ya kuzuia haina maana. Kila chombo kina mahali pake. Nyundo ni nzuri, lakini si ya kukatia mkate.

Kuna milango iliyo ya watu wote. Soko la Virunga haliwezi kuwa na orodha ya ruhusa. Nani angeandika wanunuzi wote? Hapo unamwacha kila mtu aingie, na unamkataza yule aliyekamatwa akiiba. Barua pepe ni hivyo. Huwezi kujua kesho nani atakuandikia. Kwa hiyo mwaka 1997 Paul Vixie, wa Marekani, alianzisha orodha ya anwani zinazotuma barua za uchafu, na kompyuta nyingine zikawa zinaiuliza orodha hiyo kabla ya kupokea barua. Programu za kupambana na virusi vya kompyuta nazo zilianza na orodha: alama za virusi vinavyojulikana. Ndiyo maana lazima uziongezee habari mpya mara kwa mara. Orodha ya mwaka jana haimjui mwizi wa mwaka huu.

Telefone pia. Kila telefone ina namba yake ya kuzaliwa, yenye tarakimu 15. Si namba ya kadi ya SIM. Ni ya chombo chenyewe. Bonyeza *#06# utaiona. Mitandao ya telefone inaweza kuwa na orodha tatu za namba hizo: nyeupe kwa zinazoruhusiwa, nyeusi kwa zilizokatazwa, na ya kijivu kwa zinazochunguzwa. Kenya ilizima telefone za bandia mwishoni mwa mwezi wa 9 mwaka 2012. Tanzania ilifanya vivyo hivyo tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka 2016. Kwetu Kongo, mwezi wa 9 mwaka 2020 ilianzishwa daftari ya telefone iliyoitwa RAM. Ilisemwa kwamba itapambana na telefone za bandia na zilizoibwa. Lakini wenye telefone walitozwa, hadi dola 7 kwa mwaka kwa telefone za 3G na 4G, pesa ikikatwa katika uniti zao. Watu walilalamika sana, na mwaka 2022 malipo hayo yaliondolewa.

Hapo kuna somo pia. Orodha inahitaji imani ya watu. Wakiona ni mfuko wa kukusanyia pesa, hawataisaidia, hata kama kazi yake ingekuwa njema.

Na orodha ina mpaka wake. Telefone iliyofungwa na mtandao mmoja inaweza kufanya kazi katika mtandao mwingine usioisoma orodha ile. Hapa kwetu Gisenyi iko hatua chache tu.

MADHARA YA ORODHA MBAYA

Kumbuka pia anayezuiwa bila kosa. Anwani za zamani za intaneti ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hazitoshi. Kwa hiyo kampuni ya telefone inaweza kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama nyumba nyingi zinavyotumia geti moja. Ukifunga anwani hiyo kwa sababu ya mwizi mmoja wa Birere, umewafungia na wanafunzi, na wauguzi, na wafanya biashara.

Basi, mwenye kuandika orodha ya kuzuia ajiulize maneno manne. Kwa nini namwandika huyu? Nani mwingine ataumia? Ataondolewa siku gani? Akiwa hana kosa, atamlilia nani? Orodha isiyo na tarehe na isiyo na mtu wa kusikiliza malalamiko inageuka kuwa gereza lisilo na mlango.

MLANGO WA KUTOKEA HAUNA ORODHA

Hili ni jambo kubwa, na usilisahau. Orodha inalinda kuingia. Hailindi kutoka.

Usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 Nyiragongo ililipuka. Watu maelfu waliondoka kwa miguu, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka, watoto mgongoni. Saa kama ile hakuna wa kusimama kusoma majina. Vivyo hivyo moto ukiwaka, au kengele ikilia chini ya ardhi, mlango wenye kufuli ya umeme lazima ufunguke kwa mtu aliye ndani, hata kadi yake ikiwa imeharibika, hata umeme ukiwa umekatika. Ukiona mlango wa kutokea unaodai kadi, usinyamaze. Mwambie kapita na kamati ya usalama siku ile ile.

MAMBO 6 YA KUFANYA KAZINI

1. Usimwazime mtu kadi yako, wala kibao chako cha namba, wala neno lako la siri. Ukimwazima, daftari inasema wewe uko chini, na yeye yuko nyumbani. Mwamba ukianguka, waokoaji watakutafuta wewe uliyelala kitandani, na hawatajua kwamba kuna mwenzako chini ya mawe. Mke wake ataambiwa: «Hayumo.» Hakuna urafiki unaostahili bei hiyo.

2. Mtu akiacha kazi, akihamishwa au akimaliza mkataba, ruhusa yake iondolewe siku ile ile. Usingoje mwisho wa mwezi. Hii si kumtukana; ni kumlinda pia, ili mali ikipotea asishukiwe.

3. Depo ya baruti, chumba cha umeme, kompyuta ya feni na ya pampu: hapo tumia orodha ya ruhusa tu, na iwe fupi. Kila jina lisilo la lazima ni tundu katika ukuta.

4. Usiamini jina wala namba peke yake. Omba na alama ya pili: picha, neno la siri, au mtu anayemjua.

5. Neno la siri lisiwe 1234, wala jina la mtoto, wala mwaka wa kuzaliwa. Hayo ndiyo wezi wanayojaribu kwanza. Kompyuta nzuri ina orodha ya maneno dhaifu na inayakataa. Hapa orodha ya kuzuia inafanya kazi nzuri.

6. Ukizuiwa mlangoni na unajua una haki, usigombane na mlinzi, wala usipite nyuma ya mwenzako kabla mlango haujafungwa. Mwite shefu wako. Mlinzi aliyekusimamisha leo ndiye atakayemsimamisha mwizi kesho. Mshukuru.

NA WEWE MAMA, NYUMBANI

Mama, telefone yako ni benki, ni barua, ni picha za watoto. Ilinde hivi.

Andika ile namba ya tarakimu 15 katika daftari, uiweke nyumbani, mbali na telefone yenyewe. Telefone ikiibwa, kwanza pata telefone ya jirani uite mtandao wako, ufunge kadi ya SIM na akaunti ya pesa. Dakika za kwanza ni za dhahabu. Baadaye ndipo utashughulika na chombo.

Mtu akikuita akisema: «Pesa imekuja kwako kwa makosa, nirudishie», au: «Mimi ni wa kampuni ya telefone, nipe namba yako ya siri», kata. Tia namba yake katika orodha ya kuzuia ya telefone yako. Lakini usilale usingizi wa raha. Kadi nyingine inapatikana kwa bei ndogo, na kesho ataita kwa namba mpya na sauti tamu zaidi. Kinga yako ya kweli ni sheria isiyohitaji orodha: namba ya siri haiambiwi mtu yeyote, hata mume asiitaje katika telefone mbele ya watu.

Kwa mtoto mdogo anayechezea telefone, usijaribu kukataza vitu vibaya kimoja kimoja. Havina mwisho. Mwekee vitu vichache unavyovijua, ufunge vingine vyote. Hiyo ndiyo orodha ya ruhusa, na wewe mama ndiwe shefu wa depo.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya jioni pamoja na watoto, kisha mtazame majibu.

Swali 1. Mlinzi ana orodha ya watu 10 waliokatazwa. Mgeni wa 11 anakuja. Kwa orodha hiyo, atapita au hatapita?

Swali 2. Fundi wa Maroochy alizuia namba 14. Kwa nini haikutosha?

Swali 3. Soko la watu wote na depo ya baruti: kila moja lifae orodha gani?

Swali 4. Kengele ya moto inalia. Mlango wa kutokea unadai kadi. Ni sawa?

Swali 5. Rafiki yako amechelewa, anakuomba umwazime kadi apite geti. Utamjibu nini?

Majibu. 1: Atapita, kwa sababu orodha ya kuzuia humwachia asiyejulikana. 2: Kwa sababu adui alibadilisha namba, akajiita 1, mitambo haikudai alama nyingine. 3: Soko, orodha ya kuzuia, depo, orodha ya ruhusa. 4: Si sawa, mlango wa kutokea hauna orodha. 5: Mwambie: «Hapana, ndugu yangu. Nataka jina lako liwe katika daftari, ili mgodi ukitikisika, waje kukutafuta.»

Kata ukurasa huu ukipenda, uubandike karibu na mlango. Na kesho asubuhi, mlinzi akikuomba kadi ingawa anakujua miaka 10, mwonyeshe kwa furaha.